Prazo za Zambezi zilikuwa za nani? Jibu kwa mwalimu wa Songea

Swali: "Nafundisha historia sekondari hapa Songea. Maelezo niliyonayo yanasema prazo ni mashamba makubwa ambayo mfalme wa Ureno aliwagawia Wareno katika bonde la Zambezi, yakalimwa na watumwa. Wanafunzi wameniuliza mambo mawili nikakwama. Kwanza, mfalme alipata wapi ardhi ya kugawa kule? Pili, kama wenye prazo walikuwa Wareno, mbona Bonga wa Massangano aliwapiga Wareno? Halafu jina lenyewe, Bonga, limechekesha darasa zima. Naomba msaada."

Mwalimu, tuanze na neno lenyewe, maana ndilo linalowapoteza wengi. Prazo kwa Kireno si shamba. Ni muda, kipindi kilichowekwa. Aliyepewa ardhi aliipokea kutoka kwa taji la Ureno kwa muda wa maisha matatu: yake mwenyewe, ya mrithi wake, na ya mrithi wa huyo mrithi. Baada ya hapo ilitakiwa irudi kwa mfalme au iombwe upya. Sisi tumezoea hati za miaka 33, 66 na 99. Wao walihesabu kwa makaburi. Kila mwaka mwenye prazo alipaswa kulipa pango dogo, mara nyingi kwa vumbi la dhahabu. Alipaswa kukaa kwenye eneo lake, asishike zaidi ya moja, na gavana akiita vita aje na watu wake wenye silaha. Jina kamili lilikuwa prazos da Coroa, prazo za taji.

Hayo ni ya karatasini. Mfalme alipata wapi ardhi? Hakuwa nayo. Aliikuta imekwisha shikwa na watu, akaigongea muhuri.

Wareno walipoanza kupanda Mto Zambezi miaka ya 1530, waliikuta Sena ikiwa na wafanyabiashara Waislamu, watu wa mwambao, ndugu na washirika wa wale wa Kilwa na Angoche. Hao walikuwa wakipeleka nguo na shanga bara na kurudi na dhahabu na pembe. Mwaka 1561 padri Mjesuiti Gonçalo da Silveira aliuawa kwenye makao ya Mwene Mutapa, mtawala wa dola kubwa la nyanda za juu kusini mwa mto. Lisbon ikatuma jeshi likiongozwa na Francisco Barreto, nalo likafika Sena mwishoni mwa 1571. Farasi wakaanza kufa, na askari vilevile. Leo mtoto wa darasa la nne angetaja mbung'o na mbu. Barreto alitaja sumu, akawasingizia Waislamu wa Sena, akaamuru wauawe. Yeye mwenyewe akafia hapohapo Sena mwaka 1573, migodi aliyoifuata hajaiona.

Nakuelezea hayo kwa sababu yanaonyesha nguvu halisi ya mfalme wa Ureno kule. Jeshi lake lilishindwa. Waliofaulu ni watu binafsi. Mreno mmoja mwenye bunduki kadhaa na wafuasi mia mbili alikwenda kwa mtawala aliyekuwa na ugomvi na jirani au na ndugu yake, akamsaidia vitani, akapewa ardhi pamoja na watu waliomo. Mwene Mutapa Gatsi Rusere, akiwa amezingirwa na maadui wa ndani, aliwaahidi Wareno migodi yake mwaka 1607. Mwaka 1629 Mavura aliwekwa kitini kwa msaada wao, akabatizwa, akakubali kuwa chini ya Ureno. Katika miaka ya 1640 Sisnando Dias Bayão alipata nchi pana kusini mwa Sena kwa njia hiyohiyo, kwa kuingilia vita vya watawala wa ufalme wa Quiteve. Hakuna afisa aliyekwenda na kamba kupima viwanja.

Hapo mwanafunzi makini atakuuliza: mtu aliyekwisha pewa ardhi na chifu, mwenye jeshi lake, karatasi ya Lisbon ya nini? Ukiniuliza mimi, karatasi ilimkinga dhidi ya Wareno wenzake. Bila hati, jirani mwenye bunduki nyingi zaidi angeweza kudai eneo lile ni lake, na mjane au binti angefukuzwa siku ya tatu ya matanga. Tena nguo za India, ambazo ndizo zilikuwa fedha ya bonde zima, zilipitia Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, mikononi mwa maofisa wa mfalme. Ukigombana na hao, unabaki na ardhi isiyo na kaniki. Basi kila upande ulipata chake: mfalme alipata madai ya kuwa mwenye nchi, mwenye prazo akapata hati.

Mwaka 1693 Changamire Dombo, mtawala wa Warozwi, aliishambulia Dambarare, kituo cha biashara cha Wareno, na kuwasukuma Wareno kutoka nyanda za juu, ambazo leo ni Zimbabwe. Kilichobaki kwao ni bonde: kutoka mdomo wa mto na Quelimane, kupitia Sena na Tete, hadi Zumbo kwenye makutano ya Luangwa. Ndani ya ukanda huo ndimo prazo zilimokaa kwa zaidi ya miaka 150. Nyingine zilikuwa vijiji vichache tu. Nyingine, kama Gorongosa na Cheringoma, zilikuwa na ukubwa wa wilaya nzima, ingawa sheria ilitaka ligi chache tu, kipimo cha zamani cha umbali. Ndiyo, Gorongosa hiyohiyo ya hifadhi ya wanyama.

Sasa ingia ndani ya prazo moja uone mambo yalivyokwenda, maana hapa ndipo neno "shamba" linapoharibu picha. Watu wengi waliomo hawakuwa watumwa. Walikuwa wakulima huru, wenye machifu wao wa zamani, wenye mizimu yao, waliokuwa pale kabla ya hati na wakabaki baada ya hati. Wareno waliwaita colonos. Hao walilima mashamba yao wenyewe, wakatoa kodi iliyoitwa mussoco: mahindi, mtama, asali, nguo walizofuma, chochote nchi ilichotoa. Tembo akiuawa, jino lililogusa ardhi lilikuwa la mwenye nchi. Desturi hiyo si ya Ureno. Ni haki ya chifu mkuu katika bonde zima, na mwenye prazo aliipokea pamoja na kigoda. Aliamua mashauri na kuthibitisha machifu wadogo. Mvua ilipokataa, hakuthubutu kuwapuuza wenye pepo za mhondoro, zile pepo za watawala wa kale wanaosemekana kuishi katika simba. Kwa kifupi alikuwa chifu juu ya machifu, mwenye jina la Kireno.

Na kama kila chifu mgeni, alihitaji watu wasiokuwa na ukoo pale, wasiomwonea huruma mwenyeji. Hao ndio Wachikunda. Walikuwa watumwa, lakini si wa jembe. Walikuwa askari, wawindaji wa tembo, wapiga makasia, wakusanya kodi na viongozi wa misafara ya biashara. Katika kila kijiji cha colonos aliwekwa mmoja wao, chuanga, awe macho na masikio ya bwana. Wengi walikuwa mateka wa vita. Wengine, hasa miaka ya njaa, walijitoa wenyewe kwa mwenye prazo wapate chakula na ulinzi. Walipewa bunduki, ardhi na wake, na walijivunia hali yao kuliko mkulima huru waliyemtoza kodi. Jina lao linahusishwa na kitenzi chenye maana ya kushinda. Tatizo la mfumo huu unaliona bila mimi kulitaja: bwana alikuwa bwana mradi Wachikunda wamekubali. Wakichukia, walihama na bunduki zao kwenda kwa jirani, au walijenga kijiji chao porini wakaanza kumnyang'anya yeye.

Nimesema "bwana", lakini mara nyingi alikuwa bibi. Lisbon ilitaka bonde lijae Wareno weupe, ikabuni mbinu: prazo apewe mwanamke, arithi binti yake, kwa sharti aolewe na Mreno aliyezaliwa Ureno. Chambo chenyewe ni ardhi. Wareno kutoka Ureno hawakuja, au walikuja wakafa na homa ndani ya mwaka. Mabibi wale, dona, wakaolewa na waliopatikana: askari na wafanyabiashara kutoka Goa, koloni la Ureno kule India, wana wa machotara wa Sena na Tete, maofisa waliokuwa njiani. Dona alizika mume akaolewa tena, akazika akaolewa tena, na kila ndoa ilileta ardhi zaidi. Mwaka 1798, Francisco José de Lacerda e Almeida alipopita Tete kuelekea kwa mtawala Kazembe kule bara, safari ambayo hakurudi, aliyemsaidia kupata watu na vifaa ni Dona Francisca Josefa de Moura e Meneses. Wenyeji walimwita Chiponda, anayewakanyaga wote. Mswahili hahitaji kamusi hapo, kuponda tunakujua.

Baada ya vizazi vitatu au vinne, "Mreno" wa Zambezi alikuwa mtu wa namna gani? Ngozi yake ingeweza kuwa nyeusi kama yangu. Nyumbani alizungumza Kisena au Kinyungwe, alioa mabinti wa machifu, alibebwa kwa machila (ndiyo, machela yetu), na Kireno chake kilikuwa cha kuungaunga. Watu walimwita muzungo. Waambie wanafunzi wako hilo, mwalimu, walitafakari. Neno letu lenyewe, mzungu, kule Zambezi lilimaanisha daraja na mamlaka. Rangi ya ngozi ilikuwa ya pili. Wanahistoria wamebishana sana kama watu hawa walikuwa Wareno waliogeuka Waafrika au Waafrika waliojipa Ureno. Binafsi naona ubishi huo ungewashangaza wenyewe. Walikuwa hiki na kile, kulingana na nani aliyesimama mbele yao siku hiyo.

Prazo hizo za zamani zilivunjika kati ya 1800 na 1840, na nyinyi wa Songea mna sehemu katika habari hiyo. Kwanza ilikuwa biashara ya utumwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli za Brazil zilianza kufika Quelimane kwa wingi, na wenye prazo wakaona faida ya haraka: wakauza colonos wao, kisha wakauza hata Wachikunda. Wakulima wakakimbia. Wachikunda wakaasi. Kisha, katika miaka ya 1820, ikaja ukame wa miaka mingi, nzige na ndui. Juu ya hayo wakaja Wanguni kutoka kusini. Novemba 1835 kundi la Zwangendaba lilivuka Zambezi karibu na Zumbo, siku jua lilipopatwa. Ndio walioendelea hadi Ufipa, na baada ya kifo chake wakagawanyika, wengine wakashuka hadi hapo ulipo. Wazee wa Kingoni bado wanasimulia kuvuka huko. Kundi jingine, la Soshangane, lilibaki kusini, likaanzisha dola la Gaza, na likaanza kutoza kodi prazo za Sena. Wareno wa Sena walilipa. Nyumba nyingi za prazo zilibaki magofu yenye popo.

Waliosalia ni wachache waliojua kwamba hati haizuii mkuki. Hao walijenga maboma makubwa ya magogo, yaliyoitwa aringa. Magogo yalisimikwa mabichi, mengine yakachipua, hivi kwamba ukuta wenyewe ulikuwa msitu hai ambao mizinga midogo haikuubomoa kirahisi. Familia ya Pereira, yenye asili ya Goa, ilishika Macanga kaskazini mwa Tete. Alves da Silva walikuwa Maganja da Costa, upande wa pwani. Familia ya da Cruz ilikuwa Massangano, na hapo ndipo tunapofika kwa Bonga.

Massangano maana yake ni makutano ya mito. Angola pia kuna Massangano, kwa sababu hiyohiyo. Hii ya kwetu ipo pale Mto Luenha unapoingia Zambezi, chini ya Tete na juu ya korongo la Lupata. Tazama ramani: kila mtumbwi unaotoka Quelimane au Sena kwenda Tete lazima upite pale. Aliyekaa Massangano alikuwa amekaa kooni mwa Tete.

Mwanzilishi wa ukoo, Nicolau Pascoal da Cruz, hakutoka Ureno. Kumbukumbu zinasema alikuwa mtu wa Siam, nchi tunayoiita Thailand, aliyekuja na askari kutoka India katika miaka ya 1760 na kuoa katika familia za Zambezi. Mwanawe António José alihusishwa na mauaji ya gavana Vilas Boas Truão, aliyeuawa vitani mwaka 1807, na kwa hilo akahukumiwa kifo. Kwa hiyo uhasama na serikali ulikuwa wa urithi. Mjukuu, Joaquim José, aliyejulikana kama Nhaude, ndiye aliyeijenga aringa ya Massangano karibu katikati ya karne. Alipigana na Pereira wa Macanga, aliyeitwa Chissaka, akamshinda, akaanza kutoza mitumbwi. Sisi tungeita hongo, kwa maana ya zamani ya neno, ile waliyolipa misafara ikipita Ugogo. Nhaude alipofariki mwaka 1855, mwanawe António Vicente akashika nafasi. Huyo ndiye Bonga.

Serikali ilifanya nini? Mwanzoni ilimbembeleza. Katika miaka ya 1860 ilimpa cheo cha kijeshi cha sargento-mor, yaani kwenye daftari la Lisbon alikuwa ofisa wa mfalme. Hakuna aliyeona kichekesho, kwa sababu utaratibu ulikuwa uleule tangu 1600: aliyeshindikana anagongewa muhuri. Lakini mwaka 1867 gavana wa Tete aliona muhuri haumtoshi. Akatoka na jeshi kuishambulia Massangano. Jeshi lilivunjwa na gavana akauawa. Lisbon ikatuma msafara mwingine, na mwingine, na wa nne mwaka 1869, huo ukiwa na askari kutoka Ureno yenyewe na kutoka Goa, waliofika wakiwa wameshaanza kuugua njiani. Yote minne ilishindwa. Wasafiri waliopita baadaye waliandika kwamba mafuvu ya waliouawa yalipandishwa juu ya magogo ya boma.

Alishindaje? Ushujaa ulikuwepo, ila usiwaachie wanafunzi jibu hilo peke yake. Jeshi la Ureno lilikuwa Wachikunda wa wenye prazo wengine, wenye sababu zao za kuja na sababu zao za kurudi nyumbani usiku. Bonga alikuwa ndani ya boma, chakula anacho, baruti anayo, na nyuma yake kuna Wabarue, watu wa ufalme jirani wa Barue, ambao ukoo wake ulikuwa umefungamana nao. Mreno aliyetoka Lisbon alikuwa na jua kali, maji ya mto na homa. Na baada ya vita? Wafanyabiashara wa Tete walirudi kupita pale, wakalipa, wakafanya biashara na Bonga kama zamani. Hawakuwa na njia nyingine ya kufika sokoni, tena wengine walikuwa shemeji zake.

Kabla sijaendelea, jambo moja la mwambao lisilotajwa mara kwa mara. Watu wa Maganja da Costa, hao hao wa familia ya Alves da Silva, ndio walioishambulia Angoche mwaka 1861. Angoche ilikuwa usultani wa Kiislamu wenye asili ya Kilwa, wenye lugha yake, Kikoti, yenye maneno mengi ya Kiswahili. João Bonifácio Alves da Silva aliingia na Wachikunda wake, mji ukachukuliwa, yeye akauawa. Musa Quanto, kiongozi wa Angoche, alinusurika akarudi kupigana miaka mingi baadaye. Kwenye vitabu vya Ureno ushindi huo umeandikwa kuwa wa Ureno. Aliyepigana ni mwenye prazo, kwa mali yake, kwa sababu Angoche ilikuwa inagombania naye biashara ya watumwa.

Bonga alifariki akiwa hajashindwa, mwishoni mwa miaka ya 1870. Ndugu waliomfuata hawakuwa na mkono wake. Zaidi ya hapo dunia ilikuwa imebadilika. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliwafundisha Wareno kwamba hati ya karne ya 17 haitoshi tena. Mwingereza alitaka kuona bendera na askari. Ghafla aibu ya Massangano, ambayo ilikuwa imevumiliwa kwa miaka ishirini, ikawa hatari. Gavana mkuu Augusto de Castilho akaongoza vita mwenyewe. Boma lilichukuliwa, likaponyoka, na mwishoni mwa 1888 likaanguka kabisa. Na walioifanya kazi kubwa katika vita hivyo? Wachikunda wa Manuel António de Sousa, mzaliwa wa Goa, aliyeitwa Gouveia, bwana wa Gorongosa. Ilibidi kumtumia mwenye prazo mmoja kumwondoa mwingine. Miaka miwili baadaye Gouveia mwenyewe alikamatwa na watu wa Cecil Rhodes kule Manyika, na mwaka 1892 akauawa Barue.

Sasa nirudi kwenye sentensi iliyomo katika maelezo yako, "mashamba makubwa yaliyolimwa". Haikutoka hewani. Imechanganya vitu viwili vyenye jina moja. Prazo za kale zilifutwa kisheria mwaka 1854, ingawa kule bondeni hakuna aliyejali. Kisha mwaka 1890, sheria iliyotungwa chini ya António Enes ikalifufua jina na kuweka kitu kipya ndani yake. Eneo la prazo sasa lilikodishwa kwa kampuni. Kampuni ilipewa haki ya kukusanya mussoco, na angalau nusu ya kodi hiyo mkulima alitakiwa ailipe kwa kufanya kazi. Hapo ndipo mashamba yenyewe yanapokuja: minazi isiyo na mwisho ya Boror karibu na Quelimane, miwa ya Sena Sugar Estates. Hata afyuni ilijaribiwa huko Mopeia mwishoni mwa miaka ya 1870, kabla ya sheria hiyo, mpaka uasi wa Massingire wa 1884 ulipoiharibu kazi. Wakulima wengi walivuka mpaka kuingia Nyasaland, Malawi ya leo, kuikimbia mussoco ya aina hii mpya. Ndiyo sababu moja ya Walomwe kuwa wengi upande wa Mulanje. Mfumo ulizimwa na serikali ya Salazar mwanzoni mwa miaka ya 1930, ingawa kazi ya lazima iliendelea kwa majina mengine.

Kwa hiyo ukiwa ubaoni, chora mstari mwaka 1890. Kabla yake andika: himaya za watu binafsi, kodi ya mazao, Wachikunda, pembe na watumwa wa kuuza nje. Baada yake andika: kampuni, shamba, kazi ya lazima. Mtihani ukiuliza "prazo" bila kutaja mwaka, mwanafunzi aeleze anazungumzia ipi.

Kuhusu Wachikunda, hawakupotea. Mabwana wao walipoanguka, wengi walipanda mto wakawa wawindaji wa tembo, na wajukuu zao wapo hadi leo Zumbo, Luangwa upande wa Zambia, na Kanyemba upande wa Zimbabwe, wakiwa kabila kamili lenye jina hilohilo. Watoto wa mateka wa makabila mengi wamekuwa watu wamoja.

Na hilo jina lililochekesha darasa: halihusiani na kubonga kwa vijana wa mjini. Bonga katika lugha za kule ni paka-mwitu. Ni mnyama mdogo tu, ila hakuna anayemfuga, na mwenye kuku humjua.